Kengele Iliyosema Tuf

Kwa wazazi wote waliochelewa sherehe ya kufunga mwaka katika shule yetu ya Mulandi kwa sababu hawakusikia kengele: msijilaumu. Hakuna aliyeisikia. Hata sisi tuliosimama chini yake tuliisikia kwa imani tu, kama tunavyowasikia malaika.

Nitatanguliza habari nyingine, maana shule yenye heshima haiwezi kuwa na habari moja. Mbuzi wa shule amekufa. Bweni la wadogo limepata mlango mpya, ambao ni mlango wa zamani wa choo, na kwa hiyo choo sasa hakina mlango. Timu yetu ya mpira ilikwenda Kapolowe ikiwa na kiburi na viatu, ikarudi pekupeku. Na Direkta wetu, Bwana Urbain, amegundua kwamba yeye ni mzalendo.

Ugunduzi huo ulimpata uzeeni. Zamani picha ya mfalme wa Wabelgiji ilining'inia ofisini kwake, naye aliipangusa kila Jumatatu kwa leso yake mwenyewe. Mwaka jana uhuru ulipokuja, mfalme akashuka, ikapanda picha ya wakubwa wa Congo kule Léopoldville. Jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Congo, hao nao wakashuka kabla msumari haujawazoea. Ukuta ule umetobolewa hata mjusi anaweza kuchagua chumba. Mwishowe Bwana Urbain akaona kwamba picha za watu ni kitu cha hatari, akaamua kupenda bendera. Bendera ya Katanga ina misalaba ya shaba, na msalaba hauna uso wa kumwaibisha mtu kesho.

Sasa tuje kwenye kengele. Tangu shule ijengwe, kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti ya baraza. Ukikipiga kwa nyundo, sauti yake ilifika mpaka mtoni, na wanawake waliokuwa wameinama kwenye bustani za bondeni walijua kwamba ni wakati wa kunyoosha mgongo. Mpigaji alikuwa Hilaire, mwenzangu wa darasani na rafiki yangu. Baba yake, Bwana Nicolas, anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba kule Likasi, na nyumba yao iko katika kambi ya wafanyakazi. Ni watu waliotoka Kasai, jimbo jingine la Congo. Zamani hilo lilikuwa jambo la kukuambia ni nyimbo gani zitaimbwa kwenye arusi yao. Mwaka huu limekuwa jambo jingine.

Baada ya Pasaka, Bwana Urbain alirudi kutoka mjini juu ya lori, amekumbatia kitu ndani ya koti lake kama mama aliyetoka kujifungua. Kilikuwa msalaba wa shaba, mmoja wa ile ambayo mababu waliitumia kama fedha. Alitupanga mistari uwanjani, akaupandisha mahali pa reli.

"Reli ile ni chuma cha Congo," alisema. "Sisi hatuko tena Congo. Atakayeigusa amegusa Congo, na fimbo yangu itamgusa yeye. Kuanzia leo tutaamshwa na shaba yetu wenyewe. Watoto wangu, hii ndiyo Sauti ya Taifa! Hilaire, piga."

Hilaire akapiga.

Tuf.

Ndiyo sauti yenyewe. Tuf, kama mtu ameangusha gunia la unga katika chumba cha jirani. Kila mtoto katika mistari ile ana baba, mjomba au kaka anayeyeyusha shaba, anayeibeba au anayeiiba, na kila mmoja alijua kwamba shaba laini na nene namna ile haina koo. Hakuna aliyesema. Juma lile lile mtoto mmoja alikuwa amecheka wakati wa wimbo wa taifa, na mpaka siku hiyo alikuwa bado analala kifudifudi.

"Umepiga vibaya," alisema Direkta. "Rudia."

Tuf.

"Weye unapiga bila roho!" Hasira ilikuwa imemsahaulisha Kiswahili chake cha kanisani.

Muhula ukaendelea hivyo, bila saa. Somo la hesabu lilikula muda wa dini, msiba uliowaliza wachache. Bukari, ugali wetu, ilipoa mezani ikingoja walaji ambao hawakuitwa. Tulichelewa misa, na Bwana Urbain akatuchapa kwa kuchelewa, baada ya yeye mwenyewe kufika wakati wa baraka ya mwisho. Kila mara padre alipomuuliza, jibu lilikuwa moja: shaba ya Katanga haiwezi kukosa sauti. Kinachokosa sauti ni mkono wa mtu wa Kasai.

Mwanzoni tulicheka. Kisha ikaja habari kwamba siku ya kufunga, Mkaguzi wa shule, Bwana Alexis, atafika kutoka mjini pamoja na vijana wa chama. Direkta akamwita Hilaire ofisini. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nikisafisha kwa bidii kioo ambacho kilivunjika mwaka jana.

"Siku ile nitasoma matokeo," alisema Direkta, "na nikifika kwako nitakutaja mbele ya wote. Mharibifu. Adui wa Taifa. Mkaguzi ajue kwa nini shule yangu inachelewa."

"Bwana Direkta, minye napiga na nguvu yote. Mutazame mikono yangu."

"Nimeitazama. Ni ya Kasai. Toka."

Nilimkuta Hilaire nyuma ya jiko, ameketi juu ya kuni.

"Masomo, ni sawa tu," aliniambia. "Bakinifukuza, nitalima. Lakini baba? Bale bavijana bakisikia jina ya baba, banajua nyumba yetu."

Niliketi kando yake. Kambini kwao nyumba mbili za watu wa Kasai zilikuwa zimekwisha kuchomwa na vijana kama hao, na majina ya wenyewe hayakuwa hata yametangazwa mbele ya Mkaguzi.

Mimi sina nguvu wala mjomba serikalini, ila nimejaliwa uso wa mtumishi wa misa. Kesho yake nilichana nywele, nikabisha hodi ofisini.

"Bwana Direkta, sisi wanafunzi tumekuwa tukiwaza. Sauti ya Taifa itapigwaje na mtoto mbele ya Mkaguzi? Haifai ipigwe na mkono mkubwa?"

"Mkono gani, Cyrille?"

"Wenu, Bwana Direkta. Halafu wa Mkaguzi, akipenda." Nilivitazama viatu vyake kwa unyenyekevu mkubwa. "Na wazazi wasijazane hapa mapema kama kuku wanaongoja mahindi. Wakae kule mtoni, kwenye bustani. Sauti ikilia, wainuke wote pamoja. Kama taifa."

Neno la mwisho ndilo lililommaliza. Alilirudia taratibu, "kama taifa," kama mtu anayeonja mchuzi.

"Na yule Hilaire?"

"Akae mtoni na wazazi, mbali kabisa na kengele. Asije akaiharibu."

"Cyrille," alisema Direkta, "unaanza kuwa mtu."

Siku ikafika, na baridi ya Juni, na vumbi. Mkaguzi alishuka garini, mtu mnene mwenye miwani myeusi, akaketi kwenye kiti cha padre mbele ya mabenchi matupu. Vijana wa chama waliegemea gari wakitafuna miwa. Kutoka jikoni kwa Mama Émilienne, mpishi wetu, harufu ya kuku ilikuwa imeanza kutembea uwanjani, nami nilimwona Mkaguzi akiigeukia kila ilipohama.

"Bazazi beko wapi?" aliuliza.

"Wataitwa sasa hivi, Mheshimiwa," alijibu Bwana Urbain. "Na Sauti ya Taifa."

Alishika nyundo kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akapiga.

Tuf.

Jogoo mmoja aliinua kichwa, akaona si lolote, akaendelea na shughuli zake. Bwana Urbain akapiga tena. Tuf. Akabadilisha mguu. Tuf, tuf. Tai ikamwendea begani. Huko bondeni hakuna jani lililotikisika. Wazazi wetu ni watu watiifu: waliambiwa wangoje kengele, nao walikuwa wakingoja.

"Ile inaita bazazi," aliuliza Mkaguzi, "ao inaita bafu ba mu makaburi?"

Vijana wa chama wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na muwa.

Nikasogea, nikainama. "Mheshimiwa, labda inangoja mkono wenu."

Mkaguzi alikuwa mtu anayejiamini. Aliinuka, akakunja mkono wa shati, akatwaa nyundo, akaupiga msalaba ule kwa nguvu zote za serikali.

Tuf.

Tulisikia sufuria ya Mama Émilienne ikichemka. Mkaguzi aliitazama nyundo, kisha msalaba, kisha Direkta. Nikaliona neno likipanda kooni mwa Bwana Urbain, neno lake la muhula mzima.

"Kuna mharibifu, Mheshimiwa!" alilipuka. "Mtoto mmoja wa Kasai! Ndiye mpigaji. Sauti inapotea kwa sababu anapiga bila roho, kwa chuki, kwa—"

"Eko wapi?"

"Yuko mtoni, Mheshimiwa," nilijibu mimi. "Tangu asubuhi. Bwana Direkta mwenyewe ndiye aliyemtuma."

Mkaguzi akavua miwani. Macho yake yalikuwa madogo kuliko tulivyotarajia, lakini yalitosha.

"Sasa leo nani amepiga? Weye umepiga. Na minye nimepiga." Alimsogelea Direkta. "Unasema minye napiga bila roho?"

Hesabu haikuwa ngumu. Kama kukosa sauti ni uadui, basi maadui wa Taifa hapo uwanjani walikuwa wawili, na mmoja wao alikuja na gari.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Bwana Urbain. "Kamwe."

"Na mukono ya ule mutoto, iko mubaya kupita yangu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni mkono tu. Mkono kama mikono."

"Njo vile. Sasa utafute kintu yenye kulia. Njaa inanishika."

Bwana Urbain akanigeukia, akaninong'oneza bila kusogeza midomo: reli ile iko wapi? Kabla sijajibu, Mama Émilienne alijibu kutoka jikoni, maana masikio yake ni mazuri kuliko kengele yetu.

"Reli? Iko chini ya sufuria yangu! Figa moja ilipasuka, minye nikatafuta kintu ya nguvu."

"Itoe, mama!"

"Kuku haiyaiva. Mungoje."

Direkta alifungua mdomo ili amfokee, lakini Mkaguzi akainua mkono: mama aachwe. Kwa hiyo Taifa likangoja kuku.

Kuku alipoiva, sufuria ikaondolewa, na reli ikaonekana kati ya makaa, nyeusi, inafuka moshi.

"Cyrille, ilete."

Nilirudi nyuma, nikafumbata mikono kifuani kama mtu aliyeonyeshwa dhambi.

"Mimi, Bwana Direkta? Atakayeigusa amegusa Congo. Ni maneno yenu."

Direkta akawatazama wengine. Mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, ukaweka mikono nyuma. Sijawahi kuona shule yenye uzalendo kama ule. Akavua koti lake la sherehe, akaizungushia reli, akavuka uwanja kwa hatua fupi za haraka, amekumbatia chuma cha Congo kama alivyoukumbatia msalaba siku ile ya lori, huku koti likitoa moshi na yeye akitoa sauti ndogo ndogo ambazo hazimo katika wimbo wa taifa. Vijana wa chama walimpigia makofi. Akaining'iniza mwenyewe kwenye boriti. Kisha akajaribu kushika nyundo, vidole vikakataa.

Ikabidi mtoto mmoja akimbie mtoni kumwita Hilaire.

Alikuja polepole, uso umekuwa wa kijivu, na nyuma yake baba yake, Bwana Nicolas, ambaye hakukubali mwanae apande peke yake. Walidhani wameitwa kutajwa. Direkta alinyoosha nyundo akiangalia pembeni.

"Piga."

Hilaire alinitazama. Mimi nilikuwa nikitazama mbinguni. Akapiga, na reli ikalia kama haikuwahi kukaa chini ya sufuria, ikalia mpaka meno yetu yakaona baridi, na kule bondeni vilemba vikaanza kuinuka kati ya mboga: kimoja, kisha vingi, kisha wote wanapanda kwa pamoja na watoto mgongoni na samaki mkononi. Kama taifa, kwa kweli.

Walipokwisha kufika, Hilaire hakuacha. Alipiga kwa ajili ya kila siku ya muhula ule. Direkta alimwendea kumzuia, lakini njiani akaona kiatu cha Mkaguzi kinafuata mdundo. Basi akasimama kando ya kengele, akaanza kupiga makofi kwa viganja vilivyoungua, taratibu sana. Tuf. Tuf.

Habari zilizobaki ni chache. Mkaguzi alikula kuku wote. Koti la sherehe lina alama ya kahawia tumboni, na Direkta bado analivaa kwa sababu hana jingine. Msalaba wa shaba umehamishiwa ofisini "kwa heshima," ambako unazuia karatasi zisipeperuke. Mwakani, nani atakuwa adui wa nani, sijui. Ukuta bado una nafasi za misumari.

Lakini wazazi ambao hawakufika wajue na hili. Matokeo yalisomwa. Bwana Nicolas alisimama nyuma ya mabenchi, kofia imebanwa kifuani. "Hilaire," alisoma Direkta, "wa pili." Kina mama wakapiga vigelegele, wakamrushia mtoto unga kichwani mpaka akawa mweupe. Bwana Nicolas hakusogea. Alikuwa akingoja maneno yanayofuata. Direkta akamtazama Mkaguzi, akasoma wa tatu, akaendelea hadi jina langu, ambalo lilikuwa mbali sana chini. Na jina jingine baada yangu.

Ndipo Bwana Nicolas alipovaa kofia yake.