Mgonjwa wa Tatu wa Nyumba ya Ojeda

Balbina Ojeda alipostaafu ualimu huko jijini Guayaquil alirudi kwao San Onofre, mji mdogo wa milimani, kumtunza baba yake, na kabla hata hajamaliza kufungua masanduku alikuwa ameshaanza kutafuta daktari. Mzee Serafín alikuwa na miaka themanini na sita, presha ya kupanda, na ukaidi uliopanda kuliko presha. Kwenda hospitali ya Loja kwa basi ni saa nne za kona tupu, naye alikwisha kuapa kwamba hapandi tena. "Nikifa nife nimekaa kwangu," alisema, "si nikiwa nimeinamia mfuko wa matapishi."

Kituo cha afya cha pale mjini kilikuwa na muuguzi mmoja tu, Lida, na chumba cha daktari kilichofungwa kwa miezi kumi na minne. Balbina aliandika barua wilayani mara tatu. Mara zote tatu alijibiwa avute subira. Mwezi Machi, subira yenyewe ikiwa imekwisha, akashuka daktari kwenye basi la asubuhi: mwanamke wa jamii ya Saraguro, kijana bado, nywele kasuka mkia mmoja mrefu mgongoni. Jina lake Nathaly Quizhpe, daktari wa familia.

"Daktari wa familia ndiye wa namna gani?" Balbina alimuuliza jirani yake, Doña Hermelinda.

"Anakutibu wewe, baba yako, na mama mkwe wako kama unaye. Anakuja mpaka nyumbani, anauliza nani kazaliwa na nani, nani kagombana na nani. Mmbea mwenye cheti, shoga yangu."

Alhamisi Balbina alipanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika aliketi, akataja jina, akaanza kueleza habari za mzee. Daktari akamkatiza kwa upole.

"Kwenu nimeshafika, Mwalimu. Juzi Jumanne mchana. Wewe ulikuwa sokoni, mzee amelala. Mdogo wako alinifungulia mlango."

"Mdogo wangu?"

"Mnafanana sana. Sikuuliza hata."

Balbina alikuwa mtoto pekee. Alisema hivyo, na daktari akatabasamu kama mtu anayedhani ametaniwa, akavuta faili la buluu. Ndani alikuwa amechora ukoo wao, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke. Mraba wa Serafín ulikuwepo, na duara la Balbina pia. Kando yao palikuwa na duara la tatu, na chini yake maandishi: *miaka kama 35, miguu mitupu, amepauka, mikono baridi. Presha 70 kwa 40. Apelekwe hospitali haraka.*

"Nilitaka kukuita kwa ajili yake kabla hujaja," daktari alisema. "Presha ya namna ile mtu hasimami wima. Lakini yeye alisimama. Akaniambia mzee hamezi vidonge, anavizika kwenye chungu cha maua."

Lida alikuwa mlangoni na trei ya sindano. Aliiweka chini taratibu.

"Daktari, kuna faili la zamani la nyumba ile," alisema. "Nilidhani safari hii haitatokea."

Lilikuwa faili lililofungwa kwa kamba. Madaktari wanne walikuwa wameandika humo ndani ya miaka thelathini, kila mmoja kwa mwandiko wake na wino wake, na kila mmoja alikuwa amemwandika mwanamke yule. Miaka kama 35. Mikono baridi. Sabini kwa arobaini. Mmoja aliongeza kwa herufi zilizotetemeka: *Nimemuuliza jina. Amenijibu: Umechelewa, daktari.* Baada ya ukurasa ule daktari huyo hakuandika tena chochote.

"Aliondoka wiki ileile," Lida alisema. "Hata sanduku lake hakurudi kulichukua."

Balbina alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, pale jua lilipokuwa kali zaidi. Alipitiliza mpaka uani, akazamisha vidole kwenye chungu cha maua na kuchimba. Vidonge vilikuwemo, vingine vimeyeyuka, vingine vizima, vyeupe kama meno ya mtoto.

Alimkuta baba yake jikoni mbele ya bakuli la supu ya ndizi mbichi. Akavimwaga mezani.

"Nani kakwambia?" mzee aliuliza.

"Wewe niambie, baba. Nani anawafungulia mlango madaktari?"

Mzee Serafín aliweka kijiko.

"Ni mama yangu," alisema. "Bibi yako Encarnación. Alikuwa anajifungua, mimi nina miaka tisa. Damu ikagoma kukatika. Baba akachukua farasi kwenda kumtafuta daktari, mto ukawa umejaa. Siku mbili mama yuko kitandani pale chumba cha mbele, kila akisikia kwato barabarani anataka kuinuka akafungue. Daktari alifika siku ya tatu. Aliukuta mlango uko wazi na sisi tumetoka makaburini kumzika yeye na kichanga."

"Na wewe unamwona?"

"Mimi? Mimi nasikia komeo tu. Miaka yote hii nasikia komeo. Uso wake anawaonyesha madaktari, mimi mwanawe hanionyeshi. Na sasa hivi hata sura yake nimeisahau, Balbina. Hatukuwa na picha."

Usiku ule Balbina hakusinzia. Asubuhi alikwenda kumweleza daktari yote, akamalizia kwa kumwambia kwamba hatamlaumu akipanda basi la jioni.

Daktari Nathaly alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na hofu, Balbina aliiona kwenye jinsi alivyoishika kalamu. Lakini aliitia ile kalamu mfukoni.

"Wote tulimpima tu," alisema. "Wanne, na mimi wa tano. Hakuna aliyekaa naye. Nitakuja saa tisa mchana."

Saa tisa Balbina alisimama ukumbini, mgongo ukutani, baba yake kwenye kiti pembeni yake. Hatua za daktari zilisikika kwenye ngazi ya nje. Hakubisha hodi. Komeo la chuma likateleza lenyewe, polepole, na mlango ukafunguka. Ubaridi uliingia ukumbini, ubaridi wa sakafu iliyooshwa sasa hivi, na pamoja nao harufu ya damu.

Daktari akaamkia mtu. Wakaingia chumba cha mbele, na kupitia mlango Balbina alimwona akivuta viti viwili, akaketi kimoja, akafungua mkoba. Aliuzungusha mkanda wa kupimia presha juu ya kiti kilichokuwa kitupu. Mkanda haukuanguka. Ulibaki hewani, umeviringana, umeshika kitu.

"Leo sina haraka, mama," daktari alisema. "Hebu niambie, ilianzaje?"

Balbina hakusikia jibu. Alichoona ni daktari akiitikia kwa kichwa, akiuliza neno, akinyamaza tena, na machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. Ilikaribia saa nzima. Hatimaye alisema, "Ni kweli. Tulichelewa. Haikuwa kosa lako, na mtoto uliyekuwa ukimzaa, haikuwa kosa lake. Naomba utusamehe."

Pembeni ya Balbina mzee aliinuka ghafla. "Daktari!" aliita kwa sauti nyembamba. "Niambie, anafananaje?"

Daktari hakugeuka. "Ana kovu dogo kidevuni, upande wa kushoto. Nyusi zimekutana. Anakutazama wewe, Don Serafín. Anacheka, anasema masikio hayajabadilika."

Mzee alishika masikio yake yote mawili. Akaanza kulia, akicheka palepale, na Balbina alimkumbatia asianguke. Walipotazama tena chumbani, mkanda ulikuwa sakafuni, bapa.

Tangu siku hiyo mzee alimeza vidonge vyake mbele ya binti yake, bila kusukumwa. Alilalamika tu kwamba nyumba imekuwa kimya mno. Daktari Nathaly alichora mstari kukatiza duara la tatu, kama wanavyofanya kwa waliofariki, akaandika jina lake, Encarnación, maana katika kurasa zote zile hakuna aliyekuwa amelijua.

Si Lida wala Balbina aliyemwambia mtu yeyote. Lakini mji ni mdogo. Jumatatu iliyofuata Doña Hermelinda alikuwa wa kwanza kwenye foleni, amevaa nguo za kanisani, na safari hii hakuwa na utani.

"Daktari, mimi siumwi," alisema. "Lakini kwangu kuna chumba cha nyuma hatukifungui. Yumo mmoja, tangu mwaka wa ndui. Tunamsikia akikohoa." Alikunja leso yake mara mbili, tatu. "Ukipata nafasi."

Nje, kwenye benchi, wanawake wengine sita walikuwa wameinamisha vichwa, wakingoja, na hakuna hata mmoja wao aliyeonekana mgonjwa. Daktari aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akachukua mkoba wake na kumwambia Lida amtolee mafaili yote ya zamani.