Jagi la Kunawia

...na akikataa wanakikundi watasema nini, watasema wamemlea tangu mvua za kwanza, wamempa fulana ya kijani iliyoandikwa Udongo na Haki kifuani, wamemfundisha kutengeneza mboji, halafu jambo dogo tu la kusimama mbele ya watu limemshinda, aliwaza Shukrani, akainamisha jagi, maji yakateremka kwenye mikono ya Meshack na kuingia beseni yakiwa na rangi ya matuta ya mchicha waliyoyapalilia tangu asubuhi, "Ongeza, mdogo wangu, mimi nimelima kweli, siyo kama hawa wa kupiga picha na jembe," alisema Meshack, wenzake wakacheka, naye Shukrani akaongeza maji, akacheka kidogo kwa kuwa kwa Meshack ni vigumu kununa, lakini mgongo ulimuuma, aliamka alfajiri kugeuza dagaa wa mama kule Katonga kabla ya kupanda huku kwenye shamba la chuo, na sasa duara zima la wanafunzi lilikuwa mkekani limekunja mikono ya mashati, na mwisho wa duara, karibu na sufuria ya dagaa wa mawese, alikaa Oswald, mwenyekiti, ambaye alikuwa amemuuliza sasa hivi mbele ya wote, "Shukrani, ile sentensi ya Jumamosi umeishika?" na yeye, badala ya kujibu, akachukua jagi. Ameishika. Ni fupi. Mama yangu ndiye aliyezima ndoto yangu, aseme hivyo huku amemnyooshea kidole Regina, ambaye kwenye igizo ndiye mama, halafu anyamaze, halafu alie kama ataweza, asipoweza ainamishe kichwa tu, Oswald alisema kichwa kinatosha... na mama yake mwenyewe wa kweli, Marsiana, atakuwa amekaa mstari wa mbele na wazazi wengine wa Katonga, maana ameshaambiwa binti yake ataongea mbele ya wageni, ameshatoa kile kitenge chake cha njano cha kuendea harusi, amekianika nje kitoke harufu ya sanduku, na jana alimwambia jirani kwa sauti ya kutaka kusikika mpaka nyumba ya tatu, "Wangu anasemesha wakubwa Jumamosi, wewe endelea kunicheka."

"Nimwagie vizuri, mwanangu, mama yako nimechoka!" Regina alinyoosha mikono, akabana pua, akaivuta sauti ya wanawake wa milimani wanavyosema Kiswahili juu ya Kiha, "Shule utakula? Eh? Shule utakula, mwana wanje?" yaani mwanangu kwa Kiha, na mkeka mzima ukaangua kicheko, na Shukrani akamwagia, akaangalia kucha za dada Regina zilivyopakwa rangi vizuri, akawaza mama hajawahi kusema shule utakula, hata siku moja, hilo mmelitoa wapi... na hapo ndipo alipochoka zaidi, kwa sababu alijua walikolitoa, wamelitoa kwake, siku ile ya kwanza walipomuuliza shule aliachaje, akababaika, Oswald akamsaidia kwa upole, "Ni mzazi, siyo?" na yeye akatikisa kichwa kukubali, akaona afadhali, lile jambo ambalo kwa muda wote huo halikuwa na umbo likapata umbo, likapata mtu. Kwa maana ilikuwaje hasa? Ziwa lilifungwa. Mitumbwi ikavutwa juu, taa zikarudishwa majumbani, walisema ziwa lipumzike miezi mitatu samaki wazaane, na Shukrani hapingi, hapa kwenye kikundi wamefundishwa pia kulaza shamba na kupanda mimea ya marejea udongo urudishe nguvu, ni kweli, vitu vinachoka... ila mama, bila dagaa wa kuanika, hakuweza kulazwa apumzike kama shamba, akafunga kanga kiunoni, akaenda Kasulu kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, akasema, "Wiki mbili tu, uwaangalie Kurwa na Dotto," na pacha walikuwa bado wanakojoa kitandani, Dotto akashikwa na homa, wiki mbili zikawa mwezi, Shukrani akawa anasema kesho nitakwenda, sketi ya shule ikiwa imekunjwa juu ya ndoo ya unga, kesho, Jumatatu, baada ya mtihani kwa kuwa mtihani wenyewe umenipita, na hakuna mtu aliyesema acha. Hakuna. Angekuwepo aliyesema, angalau angekuwa na sauti ya kuikumbuka.

"Igizo lisilo na mtu wa kulaumiwa linalaza watu," Oswald alikuwa akimwambia mtu wa pembeni yake, "wageni wanataka waone kitu kinachouma, na yule mfadhili anayerudisha wasichana shule atakuwepo, akiguswa atamlipia Shukrani ada," na Shukrani akasogeza beseni kwa mguu, mikono mingine, sabuni, maji, mikono mingine, akaliona darasa, akauona ubao, akajiona ameketi dirishani tena, mwalimu wa Jiografia akichora tabaka za udongo kwa chaki za rangi, kwa nini asiseme tu, ni sentensi moja, mama ataelewa kwamba ni igizo... hataelewa. Ataelewa sana, ndiyo ubaya wake. Atakaa palepale na kitenge chake cha njano, hatainuka, hatatoka, atapiga makofi wenzake wakipiga, na njiani kurudi hatasema neno, ataifikiria Kasulu peke yake. Kama jioni ile aliyorudi... alikuwa ameiva jua, viganja vimepasuka, Shukrani amesonga ugali, amewanawisha pacha, amemnawisha mama, akataka kukaa ale hivyohivyo kama alivyozoea siku zote, maana anayewamwagia wengine huwa hamwagiwi na mtu, na mama akaushika mkono wake, akamnyang'anya jagi, "Lete hapa, nawe unawe," akammwagia polepole, kidole kwa kidole, akaiona sketi juu ya ndoo ya unga, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mwana wanje," basi, halikufuata neno jingine, na Shukrani siku ile alikasirika, alitaka liwepo neno jingine, aombwe msamaha au agombezwe, chochote, na hasira hiyo, kumbe, ndiyo iliyotikisa kichwa kukubali mbele ya Oswald.

Alikuwa amefika mwisho wa mkeka. "Haya, mwenyekiti naye anawe, ugali wa muhogo ukipoa ni jiwe," alisema Meshack, mtu akafunua sufuria, harufu ya mawese ikapanda, na Oswald akanyoosha mikono, mikono mizuri, isiyo na ubaya, akatabasamu, "Hujanijibu, mdogo wangu," na Shukrani akainamisha jagi, akamwagia, akawaza wageni watakuja na kuondoka, mfadhili mwingine atakuja au hatakuja, na darasa lile dirishani likaanza kwenda mbali, akaliacha liende, iliuma lakini iliuma mahali pake, "Kaka Oswald, mama simsemi," alisema, na sauti ikatoka ndogo mno, "Unasemaje?" aliuliza Oswald, Regina akageuka, na maji yakaendelea kushuka juu ya mikono iliyokwisha takata zamani, "Mwekeni mtu mwingine, au msiweke mtu, nitaeleza ilivyokuwa, mama simsemi," na Oswald hakurudisha mikono, naye Shukrani hakuliinua jagi, alisimama vilevile, mgongo unauma, vidole vyake mwenyewe vikiwa bado na udongo.