Wageni Mia wa Msitu Wetu

Msitu wetu ni mdogo. Unaweza kuuvuka kabla chai haijapoa. Lakini ni wa kale kuliko mji wenyewe, na mti wake mkubwa hauzungukwi na mikono ya watu watatu. Mimi ndiye mlinzi wake wa kujitolea, na ua wa nyumba yangu umepakana nao.

Barua ya manispaa niliisoma mara tatu kwa sauti, ili mke wangu aelewe. Jumamosi karani angehesabu wageni langoni, mlinzi asihesabiwe. Wasipofika mia kabla ya saa kumi na moja jioni, msitu ungefyekwa pawe maegesho ya magari.

"Nilielewa ulipoisoma mara ya kwanza," akasema mke wangu.

Siku ilipofika, karani aliketi langoni na kidude chake cha kubonyeza. Nikamtangazia kuwa mimi ni mtu wa kanuni, udanganyifu siuvumilii. Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza mgeni wa nne.

Saa saba mchana walikuwa thelathini na mmoja. Nikarudi nyumbani kula, nikamkuta mke wangu na dada yake jikoni wakibadilishana vilemba. Shemeji amevaa koti langu la harusi!

"Mnakwenda wapi hivyo?"

"Tunaingia langoni, tunatokea hapa uani, tunabadilisha nguo, tunaingia tena," akasema mke wangu. "Tumeshazunguka mara nane."

Nikapiga hesabu kichwani. Ukiwatoa hao wawili, wageni wa kweli walikuwa kumi na watano.

"Huo ni ulaghai!"

"Shemeji, ulaghai gani huu wa kuvimbisha miguu?"

"Mwache, dada. Akae na kanuni zake, zitampa kivuli."

Mchana ule jirani yetu fundi cherehani alijiunga nao, na gunia la nguo ambazo wateja wake hawajazichukua. Mimi nilikaa langoni nikitazama juu, kama mtu anayehesabu ndege.

Saa kumi na dakika hamsini kidude kilisoma tisini na tisa, na njia ilikuwa tupu. Nikakimbilia nyumbani. Wote watatu walikuwa wametumbukiza miguu katika beseni moja.

"Bado mmoja tu!"

"Baba watoto, mmoja huyo si wewe?"

Nilivaa koti la harusi, nikashusha kofia ya mteja fulani hadi kwenye nyusi, nikaenda langoni nikichechemea.

"Habari, kijana. Ndiyo mara yangu ya kwanza kufika hapa."

Karani akanitazama toka juu hadi chini. Hakubonyeza.

"Mzee," akasema, "hilo koti limepita hapa mara sita leo. Na hiyo kofia mara tisa." Akavua jaketi lake na kunitupia. "Vaa hili. Na usichechemee, zimebaki dakika mbili."

Nikalivaa, nikaingia wima. Nyuma yangu nikasikia: tik.