Mtaalamu wa Alhamisi

Miaka kumi na tisa nimekaa masijala ya halmashauri, na bila kujisifu, hakuna faili lililonipotea. Yanapotea mikononi mwa wakubwa, kisha naulizwa mimi. Niliposikia wamekodi mtaalamu wa nje aje kupanga majalada upya, damu ilinichemka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikasema aje, tuone.

Akaja Alhamisi. Mtu mzima, mvi kiasi, shati limepigwa pasi mbele tu, mgongoni limeachwa, nikajua hana mtu nyumbani. Akavuta kiti, akafungua daftari. "Dada, hati za viwanja mnazipanga kwa mtaa au kwa mwaka?" Nikamjibu kwa mkato. Akaandika. Akauliza kwa nini. Hapo ndipo aliponiweza, maana tangu niolewe mpaka nilipofiwa, na miaka sita baada ya hapo, sikumbuki mtu kuniuliza kwa nini kisha akangoja jibu.

Alhamisi zikafuatana mwaka mzima. Mimi nasema, yeye anaandika. Mwisho wa mwezi maneno yangu yanapanda ghorofani ndani ya jalada la buluu, na halmashauri inayalipia. Mhudumu wa ofisi, ambaye ulimi wake hauna breki, alinitania: "Mama Masijala, siku hizi Alhamisi unapaka wanja. Mafaili yanaona?" Nikamfukuza kwa ufagio wake mwenyewe. Lakini wanja nilipaka.

Kisha akaletwa mweka hazina mpya. Tulimwita Bwana Mkasi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukata. Wataalamu wa kukodi walikuwa wamejaa jengoni: mmoja wa kupima barabara ambazo mpimaji wetu alikwisha kuzipima, mwingine wa kutushauri jinsi ya kupunguza washauri. Bwana Mkasi akatupitia idara baada ya idara. Aliponifikia, aliyaweka majalada ya buluu mezani kwangu.

"Mama, nijibu kwa kifupi. Huyu bwana anafanya nini ambacho wewe huwezi?"

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ingenifikisha Alhamisi hamsini nyingine. Ningesema lolote angeniamini. Ila bomba la mtaani kwetu lilikuwa na miezi minane halitoi maji, kila siku tunaambiwa fedha hakuna, na mimi ndiye ninayetunza faili la malalamiko.

"Hakuna," nikasema. "Anaandika ninayomwambia."

"Basi utaandika mwenyewe."

Alhamisi iliyofuata alikuja kurudisha kadi yake ya kuingilia getini. Hakukaa. Aliniuliza kama ni kweli nimesema vile.

"Nimesema."

"Umesema kweli," akajibu, bila hasira hata kidogo. Nilitamani abishe. Nilitamani anigombeze, nijue kuna kitu ananyang'anywa.

Alifika mlangoni akageuka, daftari wazi mkononi. "Dada, kuna swali moja halikuwamo kwenye mkataba. Nikikutafuta wewe, nakupata wapi?"

Moyo ulinipiga mpaka nikaona haya. Nyumba yangu iko nyuma ya soko, mlango wa kijani, Jumapili nzima nipo peke yangu. Maneno yote hayo yalikuwa kinywani. Nikasema, "Hapa hapa, masijala."

Akaandika, akashukuru, akaenda kukabidhi kadi. Niliposikia geti likifungwa ndipo nilipoelewa kwamba nimemtajia mahali asiporuhusiwa tena kuingia.

Sasa ripoti naandika mwenyewe. Bwana Mkasi amenisifu mbele ya kikao kizima, kwamba nimeokoa fedha na kazi inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Bomba letu limetoa maji. Nafurahi, sitasema sifurahi. Lakini nina hamu na yule mtu, hamu inayouma, hasa Alhamisi, kiti kikiwa kitupu na mimi nina mambo ya kusema.

Mwezi uliopita nilijikaza, nikatoa faili la mkataba wake, nikamwandikia barua kwenye anwani ya kampuni iliyomwajiri. Nyumba nyuma ya soko, mlango wa kijani, Jumapili. Ilirudi wiki iliyopita. Kampuni imebandika karatasi juu ya bahasha: mfanyakazi huyu aliachishwa kazi mkataba wa halmashauri ulipokatwa, na hatujui alikohamia.