Nyama ya Katikati

Falsafa ilimwingia Shukri pale chuo kikuu, Kilifi, na tangu hapo hakuna aliyekunywa chai naye kwa raha. Mada yake ilikuwa Kilicho Kimoja, kisicho na sehemu. Ukimwuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwamba mvua ina matone.

Ami yake, aliyemlea, alimwomba jambo moja tu siku walipokwenda Barani kumposa Lubna: afunge bakuli lake. Posa husemwa na wazee. Kijana hula, hutabasamu, huitikia. Shukri akakubali, maana alimpenda Lubna kikweli, na maisha bila yeye hakuyataka.

Mzee Abdalla, babake Lubna, aliwakaribisha vizuri. Sinia la pilau likawekwa kati yao, kila mtu na upande wake, nyama imelundikwa katikati ikingoja mkono wa mwenye nyumba, kwani yeye ndiye humkatia kila mgeni fungu lake na kumsogezea. Kwa bahati mbaya, mzee akauliza, kwa adabu tu, kijana anasoma nini.

Loo, mwana wa watu akafunguka! Akaeleza kuwa wanafalsafa wa Kiislamu wanasema Mungu, Aliye wa lazima kuwapo, hana sehemu, kwani chenye sehemu huzihitaji sehemu zake, naye hahitaji chochote. Kuwapo kwake ndiyo dhati yake. Watawa wa Kizungu wakaja baadaye wakayasema yayo hayo kwa Kilatini. Kisha Mzungu mwingine akadai ulimwengu umejaa vitu visivyogawanyika, kila kimoja kimejifungia peke yake, hakina hata dirisha. Ami yake akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Shukri akadhani ni pilipili.

"Tazameni," akasema, akatia mkono katikati ya sinia, akaipasua nyama, mfupa akausukuma upande wa Mzee Abdalla, mnofu ukabaki kwake. "Hiki kinagawanyika, kwa hiyo kinahitaji mgawaji."

"Kweli," Mzee Abdalla akasema taratibu, akiutazama mfupa. "Na mgawaji alikuwepo."

Wakanawa, wakaagwa kwa heshima zote, hata halua wakafungiwa.

Ami ndiye aliyekwenda kufuata jibu. Aliporudi, Shukri alimdaka mlangoni akitaka aelezwe yote: sababu, masharti, hata neno la Lubna mwenyewe. Ami akavua viatu, akaketi.

"Ni jibu la fani yako, mwanangu," akasema. "Halina sehemu. Hapana."

Shukri akalia kama mtoto, na kila alivyoligeuza neno lile hakuona pa kulipasua.