Kofia ya Buluu Juu ya Moto

Alhamisi alasiri Bi Eirlys aliifungua tena injini yake juu ya meza ya jikoni, akaipangusa pistoni kwa kitambaa. Injini yenyewe ilitosha kwenye kiganja. Haikutumia petroli wala mvuke. Taa ndogo ya spiriti iliwaka ubavuni, silinda ikauvuta moto ndani kupitia tundu, vali ikafunga, hewa ya moto ikapoa humo na kusinyaa, na pistoni ikanyonywa. Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Tangu Pasaka ilikuwa ikizunguka kidogo na kufa.

Alimwita jirani yake Idwal, aliyekuwa nyapara mgodini kabla mgodi haujafungwa na bonde kubakia la wazee.

"Umetia mafuta?" Idwal aliuliza kabla hata ya kuvua koti.

"Tone tu."

"Hilo hilo tone linaikaba. Na silinda uipashe kwanza, la sivyo itajaa jasho ndani. Umesaga vioo vya miwani maisha yako yote, hujui kitu kikavu ni kipi?"

"Umekuja kutengeneza au kunisimanga?"

Walifuta mafuta, wakapaka unga mkavu wa penseli badala yake, wakausogeza utambi karibu na tundu. Idwal akaketi. Juu ya moto ikaota kofia ya buluu, nyembamba, imechongoka, na gurudumu likashika mwendo.

Kofia ile kila mtu bondeni aliijua. Kule chini, moto wa taa ya mgodini uliivaa palipokuwa na gesi ya kulipuka hewani. Kadiri ilivyokuwa ndefu, ndivyo gesi ilivyokuwa nyingi; ukiiona, unawatoa watu. Lakini Bi Eirlys alipikia umeme; jikoni mwake hapakuwa na gesi yoyote.

"Inaenda," alisema Idwal, akanywa chai yake.

Alipoondoka kofia ilitoweka na injini ikasimama. Bi Eirlys alibadilisha utambi, akabadilisha spiriti, akaipiga vali msasa. Haikwenda. Kesho yake Idwal alipoingia kuuliza hali, ikaenda. Basi akawa anakuja kila alasiri, naye Bi Eirlys akawa anamkatia mkate wa zabibu.

Tudur, kaka yake Bi Eirlys, alikufa kwenye mlipuko mgodini pamoja na wenzake wanane. Idwal ndiye aliyepima hewa asubuhi ile, na mbele ya tume ya uchunguzi alisema ilikuwa safi. Tume ikaona kwamba, kama hewa ilipimwa ikawa safi, basi mlipuko uliletwa na ujinga wa mtu, na mfukoni mwa Tudur palikutwa kiberiti. Baada ya hapo mama yao aliacha kwenda dukani mchana, kwa kuogopa macho ya watu.

Jumamosi moja kofia ilirefuka kuliko siku zote. Idwal aliitazama kama mtu anayesoma mizani.

"Asilimia tatu," alisema.

"Na asubuhi ile?"

"Zaidi."

Gurudumu lilizunguka. Bi Eirlys alimwongezea chai.

"Meneja alisema tukisimamisha zamu tena, wanafunga mgodi," alisema Idwal. "Nilikuwa na watoto wadogo."

"Mama alikuwa na Tudur."

"Najua."

"Kesho kwenye kumbukumbu mchungaji anasoma tena yale maneno ya tume. Utasema?"

"Nimwambie nani sasa, Eirlys? Meneja amekufa. Kampuni haipo."

"Mimi nipo."

"Wewe nimeshakwambia," alisema Idwal, akachukua koti lake.

Jumapili ilikuwa kumbukumbu ya mlipuko. Mishumaa iliwashwa mbele ya kanisa, mmoja kwa kila marehemu. Idwal aliketi benchi la mbele. Mchungaji, kijana aliyeletwa kutoka mjini Cardiff, alipofungua kinywa, mishumaa ilianza kuvaa kofia za buluu, mmoja baada ya mwingine.

Wazee wa mgodi waliinuka bila kuambiana. Walifungua madirisha, wakauzuia mlango kwa kiti usijifunge, wakarudi kuketi. Mmoja alimnong'oneza mjukuu wake azime simu, isije ikatoa cheche.

Mchungaji aliwangoja, akawashukuru, akaendelea. Alisoma kwamba chanzo kilikuwa kiberiti cha Tudur Pryce, na kwamba leo tunamsamehe.

Idwal aliitikia amina pamoja na wengine. Bi Eirlys alifunga vifungo vya koti hadi shingoni, kwa sababu baridi ya mlimani ilikuwa imeshaanza kuingia.