Mbegu Zilizozikwa

Walimwita Bwana Nyasi, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa moja: kuwasaidia wenye mashamba yaliyochakaa kupanda upya nyasi za malisho, ng'ombe washibe na swala wapate pa kurudi. Huyo ndiye aliyesimama asubuhi ile kwenye shamba la mjane mmoja, wiki sita tangu mvua ianze, na ardhi iko uchi kabisa. Nyasi hakuna, hata ya kuchokolea meno!

Kabla mjane hajatoka nyumbani, Bwana Nyasi alikuwa amechuchumaa akachimba kwa kijiti. Vidole vitatu chini akazikuta mbegu zake, zimeoza. Jamani, mbegu ya nyasi ni ndogo, haitaki kufukiwa. Hutupiwa udongo kidogo tu, basi. Na hilo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilifundisha kwenye semina, tena kwa picha.

Alikumbuka vizuri. Siku ya kupanda, mashine ya kupandia ilikuwa imetoka moja kwa moja kwenye shamba la mahindi. Dereva wa trekta akapaza sauti, "Mkuu, hii bado imekaa kimahindi, inazika chini. Tuipandishe kwanza?" Bwana Nyasi yuko kivulini, majirani wanamvisha kilemba cha ukoka, mtaalamu huyu, mtaalamu yule, kichwa kimevimba. Akapunga mkono bila kugeuka: "Twende, twende, jua linapanda!"

Mjane akafika, khanga kiunoni, hasira usoni.

"Ni shemeji yangu," alisema. Alikuwa akimsema mdogo wa marehemu mumewe, aliyechunga ng'ombe wa nyumba ile tangu ujana. "Nikienda sokoni anafungua geti, anawaingiza. Ufunguo si anao yeye? Tumezuia mifugo humu tangu kiangazi, nimeuza mitamba wawili ili shamba lipumzike, halafu ananifanyia hivi! Au unaonaje, mwanangu?"

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limefika kwenye meno kabisa.

"Inawezekana, mama," akasema Bwana Nyasi.

Laiti angejing'ata ulimi! Akaingia kwenye gari akaondoka, masikio yanamwaka moto, anajiambia kwamba hakusema ndiyo, amesema inawezekana tu. Mtu mzima kujidanganya hivyo, aibu tupu.

Ijumaa mjane akapiga simu. Kesho yake ukoo ungekaa kikao. Shemeji angeondolewa kwenye kile kijumba cha uani, yeye na mkewe na watoto wanne. "Uje utueleze kitaalamu," mjane akasema. "Wewe watakusikia."

Jioni hiyo Bwana Nyasi hakula. Mkewe alipomuuliza ana nini, alisema ni tumbo.

Jumamosi aliwakuta sebuleni, wakubwa kwenye makochi, wengine kwenye viti vya plastiki. Shemeji alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia magotini, hamtazami mtu. Bwana Nyasi akawekewa soda na kiti cha mbele, kiti cha heshima. Alitamani ardhi ipasuke immeze na kiti chenyewe.

Akajikaza kisabuni, akasimama. "Wazee wangu, ng'ombe hawakuingia. Kosa ni la mashine. Ilizika mbegu chini mno, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Mbegu nyingine nitaleta mvua zijazo, na nitasimama mwenyewe."

Mjane akashika kifua. "Ewe Mola! Nimemsingizia mtoto wa watu!" Akamgeukia shemeji yake, akalia waziwazi. Kaka mkubwa wa marehemu akakohoa, akasema binadamu hukosea, na ni wangapi wangekuja kusema mbele za watu? Mmoja akampigapiga Bwana Nyasi begani. Mwingine akamfungulia soda. Kumbe ni rahisi hivi! Akakaa, pumzi ikamshuka, akainua chupa.

"Samahani, bwana mtaalamu," shemeji akasema kutoka mlangoni. Hakuwa amepandisha sauti. "Nina swali moja tu. Siku ile shemeji alipokuambia kwamba ni mimi, ulikuwa umeshachimba?"

Chupa ilibaki hewani. Angeweza kusema hapana. Nani angejua? Wote wangemwamini, kama walivyomwamini siku zote, na huyu mchunga ng'ombe angeonekana mtu wa kinyongo. Akamtazama mjane, aliyekuwa akifuta machozi kwa ncha ya khanga na kumtikisia kichwa, kama anayemwambia, mjibu tu mwanangu, yaishe.

"Nilikuwa nimeshachimba," Bwana Nyasi akasema.

Mkono wa mjane ukasimama na khanga yake shavuni. "Ukaniambia inawezekana," akasema polepole. "Nikaenda kumwambia mtu na wanawe wafungashe."

Bwana Nyasi akaiweka chupa chini. Mkono uliokuwa begani kwake ulikuwa umeondoka, hajui saa ngapi.

Shemeji akavaa kofia. "Nilitaka shemeji asikie tu," akasema, akatoka kwenda kuwafungulia ng'ombe, maana walikuwa hawajanywa maji tangu asubuhi.